Tisa ya Kwenye Tiketi

Kutoka Kilwa Masoko hadi Lindi si mbali. Kilomita hazifiki mia mbili. Lakini mwaka ule masika yalikuwa makali, Mto Mbwemkuru umefurika, malori yamelala ng'ambo zote mbili siku ya nne. Mtu wa Lindi akawa mbali nami kama mtu wa Uarabuni.

Ilikuwa enzi ya ruksa. Mitumba ruksa, maduka ruksa, na vindege vya watu binafsi vikaanza kutua Masoko vikitoka Dar kwenda Lindi. Waliopanda walisema ni nusu saa tu, hata jasho halikauki. Mimi sikuwa na haja navyo.

Asubuhi moja, baada ya swala ya alfajiri, ikaja simu kwa jirani yetu mwenye duka. Mama yangu amefariki Lindi. Mdogo wangu, aliyekuwa akimuuguza, alisema watazika alasiri. Sasa, mama alikwisha kuniusia kwamba akifa nimwoshe mimi, kwa mkono wangu. Nikamwitikia. Kwa hiyo ilikuwa ndege, au nivunje ahadi.

Mume wangu akaenda kwa wakala, akarudi na tiketi. Yeye hakujua kusoma, akataka tumwonyeshe mwalimu wa mtaani. Nikamkatiza.

"Mwalimu wa nini? Namba naijua. Hii tisa."

Nilisoma ngumbaru mimi, tisa haiwezi kunipotea. Nikampigia simu mdogo wangu, nikamwambia ndege yangu ni saa tisa, wasogeze maziko mpaka karibu na magharibi. Akasema wanaume wamenuna lakini watasubiri.

Nikafunga udi na karafuu maiti kwenye kitambaa. Nikapiga pasi kanga. Kwenye saa tatu kindege kikashuka juu ya mapaa yetu, na baada ya kitambo kikaruka tena kuelekea kusini. Mke wa mwenye duka akaniuliza kama si hicho changu. Nikamjibu hicho cha Wazungu wanaokwenda kutazama magofu, aache umbea.

Saa nane nilikuwa uwanjani. Hapakuwa na mtu ila mlinzi, anafukuza mbuzi kwenye njia ya ndege. Nikampa tiketi. Akaitazama muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Mama, hii tisa ni ya Kizungu. Kwetu ni saa tatu. Wamekuita hapa mpaka wakachoka."

Nikamuuliza nyingine lini. Keshokutwa. Nilimgombeza yule mlinzi kama vile yeye ndiye aliyezitunga saa za Wazungu. Akanirudishia tiketi, akawageukia mbuzi wake.

Nikarudi dukani kwa miguu, kitambaa mkononi. Mdogo wangu alipopokea simu nilimwambia sifiki, wamwoshe, wamzike. Akauliza nani amwoshe, maana maji yalikuwa tayari wakinisubiri mimi.

"Wewe," nikamwambia. "Anza kuume. Na ule mkono wa kushoto aliovunjika usiunyooshe, unamuuma."

"Dada, haumuumi tena."

"Nimesema usiunyooshe."

Akasema sawa. Nikasikia anaweka simu mezani bila kuikata, na wanawake wanaulizana ndoo iko wapi. Nikasikiliza mpaka mwenye duka akaniomba kwa upole nimrudishie simu yake.