Kiti cha Mbele cha Mheshimiwa

Watu wa mtaa wa Itetemia waliliita lile gari Mheshimiwa, na mwenyewe Leodgar Minani hakukasirika. Lilikuwa saluni ndefu ya buluu iliyoiva, lina viti vya ngozi na mbao za kung'aa kwenye dashibodi, gari la wakubwa. Lakini ukubwa wake ulikuwa umebaki kwenye jina tu. Zamani Leodgar aliliendesha akiwa dereva wa meneja wa kampuni moja ya tumbaku. Kampuni ilipofunga ofisi, gari likaachwa uani linyeshewe, kuku wakawa wanatagia chini yake, mpaka likatangazwa kuuzwa kama chuma chakavu. Leodgar akalinunua. Lilifika kwake likivutwa kwa kamba, naye ameshika usukani kwa adabu ile ile, kana kwamba bosi yuko nyuma anasoma gazeti.

Mkewe Vestina alisimama mlangoni akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mawe, mama wee! Baba Julieth, ndiyo umeniletea mke mwenza?"

"Nimekuletea kiti, Mama Julieth," akajibu Leodgar huku akifungua mlango wa abiria uliolia kama mbuzi. "Kiti cha mbele."

Haukuwa mzaha mtupu. Vestina aliingia nchi hii mgongoni kwa mama yake, mwaka ule wa sabini na mbili, amefunikwa kitambaa asione yaliyokuwa yakiachwa nyuma. Kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu waliingia juu ya lori, wamebanana na masufuria. Siku ya ndoa yake alitoka kanisani kwenye karia ya baiskeli, gauni limefungwa kamba lisimezwe na mnyororo. Na miaka yote ambayo mumewe alipita na gari la bosi, yeye alisimama pembeni akapunga mkono na kumeza vumbi, maana dereva hapakii mke kwenye gari la kazi, na Leodgar alikuwa mtu wa kufuata sheria hata pasipo na wa kumwona.

"Mimi nimebebwa maisha yangu yote kama robota la tumbaku," Vestina alizoea kusema. "Safari moja tu, kabla Mungu hajaniita, nikae mbele nione njia inavyokuja."

Kwanza lilikuwa neno la kutaniana jioni wakimenya mihogo. Kisha moyo wake ukaanza kuchoka. Miguu ilivimba, akawa halali ila ameegemea mito kama mtu anayesubiri mgeni. Kule hospitali ya Kitete daktari alizungumza na Leodgar kwa upole, na Leodgar alielewa upole ule una maana gani. Tangu siku hiyo Vestina akaipa safari yake jina na tarehe: Ulyankulu, Siku ya Marehemu Wote, akawashe mshumaa kwenye kaburi la mama yake.

Binti yao Julieth, aliyekuwa Mwanza, alipiga simu akashauri wakodi gari.

"Mwanangu, sitaki," Vestina akamwambia. "Baba yako ana gari."

"Mama, lile si gari. Lile ni kumbukumbu."

"Basi nitapanda kumbukumbu."

Ndipo Leodgar akaanza kazi. Kuendesha alijua, kutengeneza alijua kidogo, mengine alijifunza kwa kufungua na kushindwa kufunga. Alibadilisha plagi, akamwaga oili iliyokuwa nzito kama lami, akapata pedi za breki kuukuu zenye nyama bado. Mpira wa rejeta uliotoboka aliufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye urembo. Alizisugua taa za mbele kwa msasa wa maji na dawa ya meno, zile zilizokuwa na umanjano kama macho ya mgonjwa, hadi zikaanza kuona. Penye kutu alikwangua, akajaza puti, akapuliza rangi ya kopo iliyokosana kidogo na ile ya zamani, ikawa kama kiraka cha suruali ya Jumapili.

Jirani yake Lukumani, aliyekuwa fundi wa gereji kwa maisha yake yote, alikuja kila baada ya sala ya alasiri, akaegemea nguzo ya banda.

"Leodgar, unampaka poda bibi harusi asiye na meno. Shokapu zimekufa, wewe unasugua taa!"

"Meno yatakuja, Lukumani. Hebu nishikie hapa."

"Nishike nini? Mimi nashika injini, sishiki vioo." Lakini alishika. Na shokapu alizileta yeye, zimetoka kwenye gari lililopinduka, akazifunga mwenyewe.

Kitambaa cha dari kilikuwa kimeachia, kinaning'inia kama tumbo la mbuzi mwenye mimba. Hicho alikichukua Vestina. Alikaa kwenye cherehani yake, akipumzika kila baada ya mshono, akaunga kitenge chake cha WAWATA, umoja wa akina mama wa kanisani, chenye picha ya Bikira Maria. Leodgar alipokigundisha, Mama Maria akaangukia juu kabisa ya kiti cha mbele.

"Nikichoka kutazama njia, nitatazama juu," Vestina akasema.

Siku injini ilipokubali kuwaka, ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, kisha ikatulia ikanguruma kwa heshima. Vestina alipiga kigelegele. Kilikatikia katikati, akakaa chini kutafuta pumzi.

Zilibaki mbao na ngozi, na nyuma kwenye buti. Mbao za dashibodi zilikuwa zimepauka, na ngozi imepasuka kama nyayo za mkulima. Eliasi, mdogo wake Vestina, ambaye ni mfugaji wa nyuki kule Ipole, alipokuja kumjulia hali dada yake alileta bonge la nta ndani ya kiroba.

"Shemeji, hii ilibaki nilipokuwa naandaa mizinga. Ipashe moto, itakusaidia."

Leodgar aliipasha, akapaka. Ee, ile nta! Mbao zilirudisha rangi ya asali, ngozi ikalainika, na gari zima likanukia kama msitu miti ya mitundu inapochanua. Akafurahi, akazidisha. Taa ya nyuma ya kushoto ilikuwa imevunjika, akawa ameiziba kwa kipande cha bati. Akalizungushia bati ile nta nene, akaacha tundu la kupitisha waya, kidole kinaingia. Mpira wa mlango wa buti uliokuwa umeliwa na panya, nao akaujaza nta. Vumbi la njia ya Ulyankulu lisimfikie abiria wake. Kisha akafunga vioo vyote, akafunga milango, akaliacha Mheshimiwa bandani kwenye kivuli, safi, tayari.

Usiku huohuo Vestina akazidiwa, wakarudi Kitete. Walikaa huko hadi Oktoba ikaelekea kwisha. Leodgar alilala kwenye benchi nje ya wodi, asubuhi akamnywesha uji, akamsimulia habari za gari kama mtu anayesimulia habari za mtoto aliyebaki nyumbani. Daktari alipowaruhusu hakusema amepona. Alisema tu, kama kuna mahali mama anapenda kwenda, aende.

Waliletwa nyumbani na jamaa wa jumuiya ya kanisa mkesha wa Watakatifu Wote. Vestina hakutaka tena kulala. Asubuhi alivaa kitenge kipya na rozari shingoni, akawekwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mshumaa wa kaburini mapajani umefungwa kwenye gazeti.

"Lete Mheshimiwa, Baba Julieth. Leo tunalala Ulyankulu, kesho asubuhi tuko kwa mama."

Leodgar alikwenda bandani na ufunguo. Akasimama. Gari lilikuwa limezimwa, lakini lilikuwa linanguruma.

Alisogea. Kwenye lile tundu la waya, pale penye taa iliyovunjika, nyuki walikuwa wanaingia na kutoka, wametulia, kama watu wenye hati ya nyumba. Kupitia kioo cha nyuma akaona kundi jeusi limening'inia nyuma ya kiti, na vipande vyeupe vya masega mapya vikishuka.

Simu ya Eliasi iliita muda mrefu ndipo ikapokelewa.

"Umepaka ile nta yote?" Eliasi akauliza. "Ndani? Ukafunga giza, ukaacha tundu? Shemeji, ile nta ndiyo tunayopaka kuita nyuki wahamie. Wewe umetengeneza mzinga."

"Nitawafukiza mwenyewe. Dada yako amekwisha kuvaa."

"Usithubutu! Mchana huu watakuua wewe na yeye. Na ndani mna ngozi na petroli, utachoma kila kitu. Ngoja jua lizame, nakuja na pikipiki."

Lukumani alikuwa amefika, kofia mkononi. Safari hii hakuwa na utani.

"Jirani, nikatafute gari jingine? Kuna pikapu hapo barabarani."

Leodgar alimtazama mkewe. Vestina alikuwa amesikia yote. Alitabasamu, lakini midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya zambarau.

"Wapagazi walipita njia hii na pembe za ndovu mabegani, hawakuwa na haraka," akasema. "Nimelingoja gari hili, nitangoja na jioni. Nyuki nao ni viumbe vya Mungu, wameona nyumba nzuri wakapanga."

Basi wakangoja. Kutwa nzima alikaa pale mlangoni akitazama banda. Uji alikunywa kijiko, akarudisha bakuli. Leodgar alizunguka hapa na pale, akalifuta vumbi boneti kwa mbali, kwa kitambaa alichokifunga kwenye fimbo, kazi isiyo na maana yoyote. Kila mara aliusikia ule mngurumo, na kila mara ulimdanganya kwamba ni injini.

Eliasi alifika jua likizama. Alipuliza moshi wa majani mabichi kwenye tundu, akafungua buti na mlango wa nyuma taratibu, akawakumba nyuki kwa mikono kama mtu anayechota maharage, akawaweka kwenye mzinga mdogo. Masega akayakata. Kazi iliisha giza likiingia, na nyuki wachache wakabaki wanazunguka mle ndani, wamepotelewa.

"Baba Julieth," Vestina akaita, "niweke kwenye kiti changu."

"Sasa hivi? Nyuki hawajaisha, Mama Julieth, watakuuma. Na moshi umejaa, kifua chako hakitaki moshi. Kesho alfajiri. Kesho utakaa mpaka uchoke."

"Nikae kidogo tu. Hata lisitembee."

Leodgar akapiga magoti mbele yake, akamshika ile miguu iliyovimba. "Kesho, mama. Nitaliosha ndani, nitatandika shuka safi. Utakaa kama mke wa balozi."

Vestina aliangalia banda tena, akaitika kwa kichwa. Hakuwa mtu wa kubishana. Aliomba wasali rozari, wakasali, Eliasi akiongoza. Kwenye Salamu Maria za mwisho sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mbu.

Alfajiri Leodgar aliamka kabla ya jogoo, akafuta viti, akatandika shuka, akalitoa Mheshimiwa bandani, akalisogeza mpaka mlangoni, taa zinawaka, mlango wa mbele wazi. Kisha akaingia ndani kumwita abiria. Vestina alikuwa ameegemea mito yake, mshumaa mkononi. Alikuwa wa baridi tayari.

Alilala Ulyankulu kama alivyotaka, kando ya mama yake. Alipelekwa kwa pikapu, maana jeneza halikuingia kwenye saluni. Leodgar alijaribu kupima kwa kamba mpaka Lukumani akamnyang'anya ile kamba taratibu. Leodgar alipanda nyuma, kwenye bodi, akakaa karibu na jeneza, mkono juu yake, njia nzima ikikimbia kwenda nyuma mbele ya macho yake. Julieth alimwita akae mbele na dereva. Hakushuka.

Mheshimiwa alirudishwa bandani. Wengi walikuja kumuuliza Leodgar kama analiuza. Aliwasikiliza wote kwa adabu, akawapa maji ya kunywa. Betri ikafa. Miezi ilipopita, mitundu ikachanua tena, na nyuki wakarudi kwenye lile tundu, maana harufu ya nta haitoki. Eliasi alisema atawahamisha.

"Waache," Leodgar akasema.

"Shemeji, watalimaliza gari."

"Limekwisha kazi, shemeji. Waache wakae."

Lakini alimwomba amkatie masega kidogo. Hayo aliyayeyusha mwenyewe kwenye sufuria, akayachuja kwa kipande cha kitenge kilichobaki kwenye cherehani, akamimina kwenye kipande cha mwanzi chenye uzi katikati.

Mkesha wa Siku ya Marehemu Wote alipanda basi la Ulyankulu. Kondakta, alipoona mvi na rozari, akampisha.

"Shikamoo baba. Njoo ukae hapa mbele, unaona njia vizuri."

"Marahaba, mwanangu. Mpe mama mwingine," Leodgar akasema, akapita hadi kiti cha nyuma kabisa.

Kesho yake kaburini upepo ulikuwa mkali. Aliuzungushia mshumaa mikono, ukashika, ukatoa harufu ile ile ya mbao za dashibodi na ngozi iliyolainika. Alichuchumaa karibu na msalaba.

"Mama Julieth," akasema, "nimekuja na basi. Mheshimiwa amebaki na wapangaji wake."

Akainamisha sikio, kana kwamba anangoja ajibiwe utani. Upepo ukauzima mshumaa. Akatoa kiberiti, akauwasha tena.