Siku Grafu Zilipojichora Zenyewe

Nilikuwa karani wa kompyuta kwenye zahanati moja ya Temeke, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Taarifa za chanjo za watoto niliziweka kwenye programu ya databesi, yaani ya kuhifadhi kumbukumbu. Grafu za kila mtaa zilichorwa na programu nyingine, ya majedwali. Humo nilikuwa nimerekodi makro, yaani amri zinazofuatana na kujiendesha zenyewe. Ila kila mwezi ilinibidi nihamishe takwimu kwa mkono kutoka huku kwenda kule, na sista mkuu wa wauguzi kasimama mlangoni, anataka kujua watoto wa mtaa gani wamekosa chanjo.

"Kwani hizo programu zako haziongei?" aliniuliza siku moja.

Swali lile halikunitoka akilini. Nikajifunza kuandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ndani ya databesi: fungua programu ya majedwali, peleka takwimu, endesha makro. Nikabonyeza kitufe. Programu ikafunguka vizuri, kisha ukaja ujumbe: makro haipo.

Haipo vipi, na mie naitumia kila mwezi? Nilihangaika nikipekua faili moja baada ya jingine. Kumbe makro yangu ilikaa kwenye faili lililofichwa, ambalo hufunguka lenyewe ukiiwasha programu kwa mkono. Ikiwashwa na programu nyingine, faili lile halifunguki. Nikaongeza mstari mmoja wa kulifungua kwanza.

Asubuhi moja nikamwita sista. "Bonyeza hapa."

Akabonyeza kwa kidole kimoja, kwa woga. Majedwali yakajaa, grafu zikajichora mtaa baada ya mtaa, printa ikaanza kulia. Sista akapiga kigelegele, akina mama waliokuwa foleni na watoto wao wakageuka.

"Njooni muone! Kazi ya binti yetu hii!"

Siku ileile wauguzi walibeba boksi la chanjo wakaenda mtaa uliokuwa nyuma kuliko yote.

Nyumbani nilimwamkia baba, fundi cherehani, nikamsimulia. Alisikiliza, sindano mdomoni, kisha akaitoa.

"Kwa hiyo programu moja imemtuma mwenzake kazi?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ndiye uliyeituma hiyo ya kwanza."

Kesho yake nilimsikia nje ya msikiti akiwaeleza wenzake. Maneno ya kompyuta aliyakosea yote, lakini kifua alikitoa mbele. Nilipita polepole makusudi, nisikie zaidi.