Gunia la Vitambaa kutoka Ngare Nanyuki

Kijiji kizima cha Kikwe kilijua habari za gunia la Eunike, na kila mtu alikuwa na namna yake ya kulicheka. Lilikuwa gunia la kahawa, kuukuu, limefungwa mdomo kwa kamba ya mgomba, linaning'inia kwenye boriti ya jikoni mahali ambapo watu wengine huning'iniza mahindi ya mbegu. Ndani yake hamkuwa na mahindi. Mlikuwa na vitambaa! Vipande vya nguo, vingine ukubwa wa kiganja, vingine vyembamba vya kufungia nywele. "Jamani, mtu anakimbia moto na matambara?" wanawake walisema kisimani, wakapiga makofi, wakamwonea huruma.

Mtu mmoja tu hakuwahi kulicheka lile gunia. Ni mumewe, Anaeli. Alikuwa akiingia jikoni anainamisha kichwa, kama vile lile gunia lingemgonga usoni.

Ngoja nieleze vizuri, maana mambo haya yalianzia mbali na Kikwe, kule Ngare Nanyuki, nyuma ya mlima Meru. Huko Eunike alikuwa fundi cherehani, na si fundi wa kubahatisha. Bibi mmoja wa misheni ndiye aliyemfundisha, na akapata cherehani yake ya mkono, akaanza kuwavalisha watu. Majoho ya kijani ya kwaya, yote, alishona yeye. Suti nyeusi za maharusi, magauni ya kipaimara, kaptula za shule, hakuna nyumba ambayo haikuwa na mshono wake. Na kila nguo ilipokwisha, kilichobaki alikitia guniani. Wateja wakimdai vipande vyao aliwajibu, "Siku ukichanika utakuja kuniomba kiraka, nami nitakuwa nacho." Wakacheka, wakamwachia.

Mwaka wa hamsini na moja, mwezi wa Novemba, serikali ya Mwingereza ikaamua kwamba ardhi ile wapewe walowezi. Wameru wakakataa. Wakaja askari na malori, watu wakatolewa majumbani, na nyumba zikatiwa moto huku wenyewe wanaangalia. Siku hiyo, nyuma ya mlango wa Anaeli, yalikuwepo magunia mawili yaliyofanana. Moja Eunike alikuwa amelipakia mablanketi na masweta, kwa tahadhari. La pili lilikuwa lile la vitambaa. Anaeli alikuwa nje anahangaika na ng'ombe, akapiga kelele, "Mama Aminieli, chukua gunia!" Eunike aliingia, moshi umejaa, mtoto analia mgongoni. Akashika gunia, akatoka nalo.

Alilifungua jioni, mvua ya vuli inanyesha, watu wamejibana chini ya turubai. Alipotia mkono ndani, akatoa vitambaa.

Aminieli alikuwa mtoto wao wa kwanza, na wakati huo wa pekee, mvulana wa miaka minne, mcheshi kupita kiasi. Alikuwa anatetemeka. Eunike akamlaza, akammwagia vile vitambaa mwilini, akavipanga kimoja kimoja, kijani juu ya nyeusi, nyeusi juu ya nyekundu. Mtoto akigeuka, vinaporomoka. Anavipanga tena. Vinaporomoka tena. Anaeli alikaa pembeni anatazama jambo hilo, na hakulisahau. Mtoto akashikwa na kifua, na Desemba hakuiona. Walimzika Kikwe, kwenye migomba ya kaka yake Anaeli, nao wakabaki papo hapo kuanza upya.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lenyewe. Mwanamke akishazaa, jina lake la kuzaliwa linapumzika. Eunike alikuwa Mama Aminieli, na hata baada ya msiba watu waliendelea kumwita hivyo, kwa kuwa mtoto hafutiki kwa kufa. Anaeli peke yake ndiye aliyeacha. Hakumpiga, hakumtukana, alimlimia na kumjengea. Ila tangu siku ya maziko alimwita "Eunike," kavu, kama mtu anayemwita jirani. Yeye mke aliendelea kumwita Baba Aminieli, asubuhi na jioni, na kila akilisema jina hilo alisubiri kidogo, labda leo litarudi. Wakazaliwa mabinti wawili. Halikurudi. Na mnajua mwanamume wa Kimeru akiamua kununa! Mlima wenyewe unaweza kuhama kwanza.

Miaka kumi ikaenda hivyo. Mwaka wa sitini na moja ukaingia, na Uhuru nao ukawa unakuja, umepangiwa tarehe kabisa. Watu walikuwa wanatembea barabarani wanacheka wenyewe.

Siku moja akapiga hodi Melkizedeki, katibu wa tawi la TANU, kijana mwenye miwani na haraka zake.

"Shikamoo, Mama Aminieli."

"Marahaba, mwanangu. Suruali yako bado."

"Sikuja kwa suruali, mama. Nimekuja kwa bendera." Akaeleza. Sherehe ingefanyika kijijini Maji ya Chai, mbele ya ghala la kahawa, na tawi lilitaka ukuta mzima wa ghala uvikwe rangi. Majora ya kitambaa ya kufunika ukuta ule hawakuwa na uwezo nayo. "Tumesema, kama kuna mtu Meru nzima anaweza kutengeneza kitu bila kitu, ni wewe."

Eunike aliinua macho akaangalia boriti ya jikoni.

Anaeli alirudi kutoka shambani akakuta gunia limeshushwa. Mkeka mzima ulikuwa umejaa vitambaa, na mkewe amepiga magoti katikati, anachambua kijani huku, nyeusi huku. Harufu ya moshi wa Ngare Nanyuki ilikuwa bado imo. Anaeli aligeuka pale pale mlangoni akaenda kwa mbuzi, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Lakini macho hayana adabu. Kesho yake alirudi kutafuta panga. Kesho kutwa alitafuta kamba. Mtu huyu alipoteza vitu vyake vyote wiki ile! Na kila alipopita, lile shuka la viraka lilikuwa limekua. Kwanza lilitosha kufunika stuli, kisha kitanda, kisha likatoka mlangoni likaanza kushuka uani. Eunike alishona kwa cherehani ya zamani aliyokuja kuipata huku Kikwe, na penye kona ngumu alitumia sindano ya mkono. Vipande havikulingana hata viwili, lakini vilikaa pamoja kama vimezaliwa hivyo. Anaeli alisimama na panga lake mkononi, akashangaa. Vitambaa vile alivyoviona vikiporomoka kwenye mwili wa mtoto sasa vilikuwa vimeshikana, na havikuwa vinakwenda popote. Akaondoka.

Kijani juu, nyeusi katikati, kijani chini, rangi za chama. Kazi ilikuwa karibu kwisha Melkizedeki aliporudi anahema.

"Mama, bendera ya taifa ina manjano!"

"Manjano gani tena?"

"Mistari miwili myembamba, kila nyeusi inapokutana na kijani. Nimeona picha yake mjini."

"Mwanangu," Eunike akasema, "si ungengoja mpaka Krismasi ndiyo uje kuniambia."

Melkizedeki alikuwa amezunguka maduka yote ya Wahindi Arusha. Manjano imekwisha! Watu wameinunua yote, hata mapazia. Basi Eunike akafumua mishono mirefu iliyounganisha nyeusi na kijani, akazama tena guniani. Akapata ukingo wa gauni, akapata mfuko wa blauzi, akapata vipande vya kanga vyenye manjano iliyopauka. Mstari wa juu ukatimia. Wa chini ukabaki na pengo.

Jioni ya Jumatano Anaeli aliingia akamkuta amekaa mkekani, mkasi mkononi, na mapajani ana kitambaa cha manjano ambacho hakikuwa kiraka. Kilikuwa kipande kizima, safi, cha poplini. Anaeli alikijua kabla hajakikaribia. Alikinunua yeye mwenyewe mjini, Krismasi ya mwisho ya Ngare Nanyuki, kwa ajili ya shati la Aminieli. Mtoto alilipenda shati lile mpaka wakawa wanamvua kwa nguvu. Alizikwa nalo. Kumbe kilichobaki kilikuwa humu humu guniani miaka yote hii, chini kabisa, na mkewe alikuwa anajua.

"Nikikikata vipande kinatosha pengo lote," Eunike akasema bila kuinua kichwa. "Zaidi ya hiki hatuna kitu chake." Akakinyoosha mapajani. "Baba Aminieli, niambie. Nikikate?"

Anaeli alitaka kusema usikiguse. Alitaka pia kusema jambo jingine, kubwa kuliko hilo, lililokuwa limemkaa kifuani tangu ile jioni ya turubai, kwamba hata yeye angeingia kwenye ule moshi angeshika gunia lolote. Badala yake akachukua jembe akatoka nje. Mwanamume mzima, amekimbia kitambaa!

Ijumaa, siku ya mwisho ya Mwingereza, shuka lilibebwa mpaka Maji ya Chai mabegani mwa wanaume sita. Anaeli alikuwa wa nyuma kabisa. Walipolipandisha kwenye ukuta wa ghala na kuliachia lishuke, watu waliokuwa wanapiga kelele uwanjani wakageuka wote. Lilifunika ukuta wote. Jua la alasiri liliingia kwenye ile kijani ya namna mia, na ile nyeusi, na ile manjano. "Eee Mungu wangu," mtu mmoja akasema polepole.

Halafu mama mmoja mzee, Elirehema, akasogea, akaweka kidole. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Ngare Nanyuki, naye joho lake liliungua ndani ya nyumba pamoja na vyote alivyokuwa navyo.

"Hii ni kwaya," akasema. "Hii kijani ni sisi! Ni majoho yetu haya!"

Wakaja mbio. Watu wa Ngare Nanyuki waliotawanyika Kikwe na kwingineko, kila mmoja akaanza kujitafuta. "Suti yangu ya harusi!" mwanamume mmoja akapaza sauti, ameshika nyeusi kwa mikono miwili, analia mbele za watu wala hajali. "Gauni la Hanna! Hanna, njoo uone gauni lako!" Walikuwa wametoka kule bila hata picha, bila hata kifungo, na sasa kijiji chao kizima kilikuwa kimesimama ukutani. Wale wa kwaya wakajikuta wamesogeleana, wamesimama kwa sauti zao kama zamani, wakaanza kuimba, wengine hawana meno. Haya ndiyo matambara! Haya ndiyo yale tuliyoyacheka!

Macho ya Anaeli yakaenda kwenye mstari wa chini. Akaufuata kutoka kushoto, mwembamba, umenyooka vizuri, mpaka mahali ambapo ulivimba ghafla kama nyoka aliyemeza yai. Eunike hakuikata ile poplini. Alikuwa ameishona nzima, ilivyo, ikala nyeusi kwa juu na kijani kwa chini. Palipobaki pengo alijazia nyuzi za manjano kwa mkono, mshono juu ya mshono.

Melkizedeki naye aliiona. Akamfuata Eunike, aliyekuwa amesimama juu ya benchi anapigilia misumari ukingoni.

"Mama, bendera ya taifa haina tumbo! Kesho kuna wageni hapa, watatucheka. Mkasi upo. Punguza hapa juu na hapa chini, dakika moja tu." Akaushika mkasi yeye mwenyewe.

Eunike aliacha kupigilia. Hakumtazama Melkizedeki. Alimtazama mumewe, kwa macho yale yale ya Jumatano.

Anaeli akapita katikati ya watu mpaka ukutani. Akaweka kiganja juu ya ile manjano. Ilikuwa na joto la jua. Akashika ukingo wake, pale ulipokutana na nyeusi ya suti ya mtu na kijani ya kwaya, akavuta. Akavuta tena kwa nguvu. Haikuporomoka.

"Melkizedeki," akasema, "weka mkasi chini."

"Lakini mzee, picha inaonyesha..."

"Nimesema weka chini. Hapa hapakatwi." Watu waliokuwa karibu wakageuka. "Mama Aminieli ameshona vizuri."

Kwaya ilikuwa bado inaimba. Nyundo ikamponyoka Eunike ikaanguka majanini. Alisimama pale juu ya benchi, mkono kifuani, na alipojibu alijibu kama mtu aliyeitwa muda huu huu kutoka chumba cha pili.

"Abee, Baba Aminieli."

Anaeli akainama akaiokota nyundo, akampa.