Tulivyonunua hisa za roboti ya upasuaji kwa zamu, kama mchezo wa kina mama wa Mwanga

Wakuu, habari za jioni.

Kisa hiki nimekaa nacho muda mrefu. Sitaongeza chumvi, maana waliokuwemo wanapita humu. Nikidanganya watanisuta hapo chini.

Mimi ni mtu wa Iringa, nililetwa Kigoma kikazi. Nilipanga chumba Mwanga, nyuma ya kibanda cha fundi cherehani anayeitwa Ramadhani, mzaliwa wa Ujiji. Jioni nilikuwa nakaa barazani kwake. Mama Zuhura, anayeuza dagaa sokoni, naye akifunga biashara alipitia hapo kupumzisha miguu.

Mtu wa nne alikuwa Bosco.

Bosco alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, akiishi kambini upande wa Kasulu. Miaka ile kambi zilikuwa zimejaa. Kila alipopata kibali cha kutoka alikuja kwa Ramadhani kushona kwa mkono: vifungo, pindo, kazi ndogondogo. Kwao alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Alimpa daktari vifaa, na mwisho wa operesheni alishona ngozi. Huku hakuruhusiwa hata kufunga kidonda.

Kuna kitu nilikiona mara nyingi. Akimaliza pindo anakata uzi, kisha anageuza mkasi, mpini mbele, kama anamkabidhi mtu. Hakuna wa kuupokea. Anauweka mezani taratibu.

Yeye ndiye aliyetuletea habari za ile kampuni.

Ni kampuni ndogo ya nje, inatengeneza roboti ya kumsaidia daktari kupasua. Bosco alikuwa na video yake kwenye simu: mikono miembamba ya chuma inashona kipande cha nyama. Alituonyesha kila alipokuja, kama mtu anayeonyesha picha za harusi yake.

"Haitetemeki," alisema. "Daktari wangu alikuwa anatetemeka kabla hata hajafika mgonjwa wa pili."

"Labda hukumpa chai," Ramadhani akamjibu.

Mimi nilikuwa na app ya kununua hisa za nje. Bosco hakuweza kufungua akaunti, karatasi zake za ukimbizi zilikataliwa. Basi tukakubaliana kununua wote kupitia simu yangu, na Mama Zuhura akasema twende kwa utaratibu anaoujua yeye, yaani mchezo.

Kwa wasioujua: kila mwezi wote tunachanga, na hisa zinazonunuliwa mwezi huo ni za mwenye zamu. Hauzi mtu mpaka wote wawe wamepokea. Tuliokota vikaratasi. Ramadhani akawa wa kwanza, Mama Zuhura wa pili, mimi wa tatu, Bosco wa mwisho.

Hakulalamika. Alikuwa na mpango wake. Wenzake walishaanza kujiandikisha kurudi kwa hiari, na yeye alitaka kurudi kwao Rumonge, kando ya ziwa hilihili, afungue chumba kidogo cha kufunga vidonda, jirani na nyumba ya mama yake. Alishakielezea mpaka tukakijua: benchi ukutani, sinki upande wa dirisha, mlango unaotazama ziwa. Hisa zake ndizo zingenunua hilo sinki.

Niseme kitu kidogo hapa. Wageni wakisimama ufukweni Ujiji hunyoosha kidole kwenye milima ya ng'ambo wakasema Burundi ile. Ile ni Kongo. Bosco akisimama pale hakuitazama. Aligeuka kaskazini, ambako huoni kitu ila maji na ukungu, na angeweza kukaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Tuendelee.

Zamu yangu ilipopita tu, kampuni ikapata kibali cha mamlaka za huko kutumia roboti kwa wagonjwa. Bei ikaruka. Soko lao linafunguliwa wakati la Mwanga linafungwa, kwa hiyo Mama Zuhura alifika na ndoo yake tupu akakuta tumeinamia simu.

Ramadhani akasema tuuze leo leo, faida tumkatie na Bosco fungu.

Mama Zuhura akakaa kwanza. "Ukimkatia umempa sadaka. Ile zamu ni yake, alichangia."

"Mama, soko halijui zamu."

"Sisi si tunajua?"

Tukampigia Bosco kambini. Mtandao ulikatika mara kadhaa. Nilimweleza yote, nikamwambia mimi naona tuuze na yeye apate fungu lake.

"Tangu niingie nchi hii napewa," akasema. "Unga napewa, blanketi napewa. Hiki kimoja nilinunua. Uzeni za kwenu, mimi sitakasirika. Lakini fungu sitaki."

Ramadhani akavua kofia, akajikuna kichwa. "Basi tusubiri."

Tukasubiri. Zamu ya Bosco ilipofika tukanunua kwa bei ya juu kuliko zote zilizotangulia.

Tukiwa bado hatujakubaliana lini tuuze, hazikupita wiki nyingi kampuni ikatangaza kuuza hisa mpya, eti inahitaji fedha za kuendesha kiwanda. Bei ikaporomoka. Baadaye wakaunganisha hisa, kila kumi zikawa moja. Mama Zuhura alipoona idadi imepungua akaniuliza nani kaiba. Nikamwambia ni kama dagaa wa makopo kumi ya sado kuwamimina kwenye gunia moja.

Akaitazama simu. "Mbona gunia lenyewe linapwaya?"

Nikaizima simu.

Jina la Bosco lilipotokea kwenye orodha ya kurudi, hakuwa na pesa ya sinki. Alikuja kuaga. Ramadhani akampa ule mkasi. Safari hii alikuwepo wa kuupokea, na Bosco ndiye aliyepokea. Akaufunga ndani ya shati lake, akaondoka.

Ilipita miezi kimya. Kisha ikaja voice note kutoka Rumonge. Anaosha vifaa kwenye zahanati ya watu, bado hajaruhusiwa kushona. Hakuuliza bei. Aliuliza kama ile mikono imeshamshona mtu kweli.

Nikatafuta. Kampuni ilikuwa imeweka video ya mgonjwa wao wa kwanza, kidonda kinafungwa mwanzo hadi mwisho. Nikamtumia, nikakaa barazani na wenzangu kusubiri.

Jibu lilikuja jioni, tukalisikiliza wote watatu. Nyuma ya sauti yake maji ya ziwa yalisikika.

"Imeshona vizuri. Ule mshono wa tatu ungekazwa kidogo. Mimi ningeukaza."

Somo nililopata, wakuu: mchezo unafaa kwa watu wanaoonana usoni. Soko la hisa halikuoni, wala halikusubiri. Mkinunua hisa, kubalianeni mapema lini mnauza. Na kampuni ndogo isiyo na faida hukopa matumaini yenu mara ya pili kwa kuuza hisa mpya, hilo lichunguzeni kabla.

Hisa bado tunazo zote. Ramadhani hajawahi tena kusema tuuze.

Wenye uzoefu karibuni, hata wa kunicheka. Ila kabla hujaandika "mngeuza tu", niambie kwanza: wewe ndiye ungempigia Bosco kumwambia tumeuza kabla ya zamu yake?