Miti Tisa Kwenye Kiwanja cha Mama

Maskati ya siku hizi watu wakikutana hawaulizani hali, wanaulizana viwanja. Nimefanya kazi ya bima miaka mingi, na wallahi sijaona chai ya saa nne ofisini kwetu ikanywewa bila ya mtu kutoa simu akaonyesha krooki, ile karatasi ya vipimo inayosema kiwanja chako kina upana gani na kimepakana na nani. Huyu kapata Barka, yule kauza Amerat, mwengine kanunua viwili ambavyo hajavitia machoni, anangoja barabara ifike apandishe bei. Mimi nikiwacheka. Nikiwaita wauza vumbi. Uwongo mtupu! Nilikuwa nawaonea wivu, basi tu sikuwa na vumbi la kuuza.

Halafu jina la mama likatoka.

Mama alikuwa ameomba kiwanja cha serikali tangu baba yangu alipofariki, akangoja mpaka sisi watoto tukasahau kama aliomba. Ujumbe uliingia kwenye simu yangu, kwa sababu nambari iliyoandikwa kwenye fomu ni yangu. Simu ya mama ni ya kupiga na kupokea, na Kiarabu chake ni cha kununulia samaki, hakifiki kwenye barua za serikali. Nikamsomea pale jikoni. Akakaa kitako na mwiko mkononi, akalia, na wali ukaungua.

Kilio kile kilikuwa na sababu. Mama alizaliwa Unguja, kwenye nyumba ya baba yake. Babu alikuwa na mashamba ya karafuu na nyumba ya mjini, na vyote vikachukuliwa, mama akaletwa huku ana miaka kumi na mbili na bahasha ya picha. Wakapanga vyumba Matrah. Akaolewa, akaingia nyumba ya mama mkwe, ambako hata kuhamisha mtungi kulitaka idhini. Baba alipofariki, ndugu zake wakaiuza nyumba wakagawana kisharia, mama akapewa thumni yake, fungu moja katika manane, na thumni ile ikaishia kwenye operesheni ya macho. Ndipo akaja kukaa na mimi kwenye fleti ya kupanga, Khuwair ya Kusini, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mazulia. Chumba chake kinatazama mashine za AC za jengo la pili. Hakulalamika. Ila mara moja moja, tukikunja nguo, alikuwa akisema: "Mie tangu nna miaka kumi na mbili sijalala kwenye changu. Nataka nife ndani ya changu, basi. Hata chumba kimoja."

Kiwanja kilikuwa nje ya mji wa Qurayyat, kwenye mtaa mpya ambao serikali ilikuwa imeupima chini ya vilima. Mtaa ni jina tu. Kulikuwa na barabara ya changarawe, nguzo za taa, vigingi vyenye nambari, na mawe. Tulipofika mara ya kwanza nilitaka kucheka, nikamtazama mama nikaona anavua viatu. Alikizunguka chote kwa miguu mitupu, pembe hadi pembe, midomo inatembea. Aliporudi kwenye gari aliniambia: "Wiki ijayo tunakuja na miche."

Mimi nikasema miche ya nini, mama, hapa hata mbuzi hapiti. Akaniona mjinga kabisa.

Kule kwao, mtu akiingia shambani mwa babu yangu kuomba pa kulima, alipewa. Alime muhogo, alime viazi, apande mpunga, hakuna aliyemuuliza. Lakini mnazi hakuruhusiwa kupanda, wala mkarafuu, wala mti wowote unaokaa. Kwa sababu mti ukishakaa una mwenyewe, hata kama ardhi ni ya mtu mwengine, na mwenye mti huwezi kumfukuza. Mama alilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Kwake yeye hati ni karatasi, na karatasi alishaona zikichukuliwa. Mti ndio ushahidi. Sikumkumbusha kwamba babu alikuwa na karatasi na miti pia, na vyote havikumsaidia. Wala kwamba sisi nasi kule tulikuwa wageni tuliofika na kuanza kupima ardhi za watu. Ukizungumza hayo na mama unalala na njaa.

Basi kila Jumamosi tukawa tunakwenda Qurayyat, saa nzima kwa gari kupitia milimani, buti limejaa madumu ya maji. Anakuja pia dada anayetusaidia kazi, mtu wa Singida, mwenye mikono ya kweli. Yeye ndiye aliyechimba mashimo. Wakapanda mikunazi mitatu, mindimu minne, mwarobaini mmoja na mkomamanga. Tisa. Minazi miwili iliyoletwa kutoka Salala ilikufa na mama akaomboleza kama mfiwa. Ile tisa ikashika.

Na pembeni yetu mambo mengine yalikuwa yakifanyika. Serikali ilikuwa imechoka na watu wanaopewa ardhi wakailalia kungoja bei, ikaweka sharti: ndani ya muda fulani uchukue kibali na uanze kujenga, la sivyo unaonywa, ukikaidi kiwanja kinarudi. Sharti zuri, nami nalisifu mpaka leo. Lakini mbona wajanja walikwishapata dawa! Unaona mtu kaja na lori moja la matofali, kajenga kijiukuta hadi magotini, kamwaga zege kwenye pembe moja, kapiga picha, kapeleka ofisini, kaongezewa muda. Haonekani tena. Mtaa mzima ulikuwa wa vijiukuta vya magotini.

Siku moja dada akasimama na dumu mkononi akatazama huku na huku. "Mama, mbona wenzetu wote wameweka tofali na sisi tunaweka maji tu?"

Mama akageuka kwangu. "Eti? Kuna haja ya tofali? Au miti inatosha?"

Nilijua jibu. Kazi yangu ni kusoma masharti. Nikasema: "Inatosha, mama."

Sasa niseme kwa nini, na nisijipambe. Nilikuwa nimeshazungumza na dalali. Ni jamaa yetu wa mbali kwa upande wa baba, ana ofisi ndogo karibu na kwetu, chai ya maziwa haikauki mezani. Alikitazama kiwanja kwenye ramani akapiga mbinja. Kumbe kilikuwa pembeni, na kuna mtu aliyenunua viwili vya nyuma yetu, alikuwa akitaka kuviunganisha vyote vitatu. "Kiache kitupu, dada yangu," akaniambia. "Usitie tofali, usitie kibali. Mnunuzi kama huyu anataka ardhi safi. Barabara kubwa ikitangazwa tu, bei yako hiyo, mara mbili." Akaandika bei kwenye kipande cha karatasi, akanisukumia. Nikaipenda bei ile, Mungu anisamehe. Nilikwenda nayo nyumbani ndani ya pochi.

Wakala wa mama, ile karatasi ya kunipa idhini ya kutenda kwa niaba yake, ulikuwa mikononi mwangu, aliutia saini ili nimfuatilie karatasi zake. Nikajiambia nitauza, ninunue fleti yenye lifti, nimpe mama chumba kikubwa chenye choo chake, na atashukuru. Kumwambia kabla, hapana. Kuchukua kibali cha ujenzi ndiyo kabisa: angeanza kuchagua milango. Kwa hivyo nikamwacha amwagilie. Ujumbe wa kwanza wa ofisi ya ardhi ulipoingia kwenye simu yangu nilikuwa kwenye mkutano. Nikampigia dalali, akasema wanatishia tu, barabara inatangazwa karibu. Wa pili nikausoma nikaufuta. Wa tatu ulikuja mama akiwa amekaa ubavuni mwangu, ananiuliza kama mkunazi mkubwa utazaa mwaka huu. Nikaigeuza simu kifudifudi nikamwambia utazaa, inshallah.

Sharti lile lilitungwa kwa ajili ya watu kama mimi. Hilo sina la kubishana nalo.

Barabara haikutangazwa. Mama akaugua kifua, tukakosa Jumamosi tatu mfululizo. Ya nne tukaenda, na nilipokata kona ya mwisho nikaona ardhi imesawazishwa. Greda lilikuwa limepita pembe hadi pembe. Mkunazi mkubwa ulikuwa umelala ukingoni pamoja na mawe, mizizi juu, majani yamekauka lakini kunazi ndogo za kijani bado zimeshika. Kigingi kilikuwa kipya. Dada akasema "Yesu wangu," akaweka dumu chini. Mama alitembea akaanza kutafuta mashimo ya miti, akawa anahesabu kwa kidole, lakini mashimo yalikuwa yamefukiwa na hakuweza kuyaona yote. Nilimwita aingie kwenye gari, jua kali. Akasema, "Kuna mtu kakosea nambari. Kesho nipeleke ofisini."

Ningeweza kumwambia hapo hapo. Nilikuwa na njia nzima ya kurudi, saa nzima, milima na daraja, na nikazungumzia dawa zake za kifua.

Usiku ule sikulala, nikipanga. Nilisema kesho Jumapili, huku ni siku ya kazi, mtu wa ofisi atazungumza Kiarabu, mama hataelewa nusu, nami ndiye mkalimani. Nitakata ninachotaka kukata. Nitamwambia serikali imechukua mtaa wote. Nitalia kidogo. Ndiyo, nilipanga hata kulia.

Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mwenye kanzu safi na adabu. Mama akaanza na Kiarabu chake cha samaki, akakwama, akaingiza Kiswahili bila ya kujijua. Kijana akatabasamu. "Zungumza tu, bibi. Mama yangu kwao Pemba."

Mama akamweleza yote. Kiwanja, miti tisa, aina zake, ni mingapi ya kuzaa. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, hakumkata. Kisha akasema taratibu: "Bibi, sisi miti hatuihesabu. Sharti ni kujenga. Kwenye ripoti ya mkaguzi pameandikwa ardhi tupu."

"Tupu?" Mama akainama mbele. "Mwanangu, yule mkaguzi hana macho? Kuna mkunazi unanipita kimo!"

"Naelewa, bibi. Wallahi naelewa. Lakini tulikuonyeni mara tatu. Mngekuja hata mara moja mkaomba, mtu mzima kama wewe tungekuongezea muda. Tunawaongezea wengi." Akageuza kioo cha kompyuta kuelekea kwetu. "Tazama. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zimefika. Zimeandikwa zimesomwa." Na akaisoma nambari ya simu kwa sauti, kwa Kiswahili, tarakimu moja moja, ili bibi asikie vizuri.

Mama anaijua nambari hiyo kwa moyo. Ndiyo nambari pekee anayoijua.

Sikuthubutu kumtazama. Nilitazama mikono yake juu ya meza, na kucha zake ambazo udongo wa Qurayyat haukuwahi kutoka vizuri. Nilingoja. Nilifikiri atapiga kelele, na nilitaka apige.

"Kweli," mama akamwambia yule kijana. "Zilikuja. Nlisomewa. Mie ndo nlosahau, na uzee huu." Akakusanya karatasi zake, krooki na zile nyengine, akazitia ndani ya mkoba, akasimama. Akamuombea dua kijana yule, amsalimie mama yake, na kijana akasimama pia, macho yanamtazama mama kisha yananitazama mimi. Aliona. Sina shaka aliona.

Kwenye gari nikawasha AC nikaweka mikono kwenye usukani, sikuondoka. Nikasema, "Mama, nisamehe." Akawa anahangaika na mkanda wa kiti, siku zote unampa tabu, na nilipotaka kumsaidia akausukuma mkono wangu, bila ya nguvu. Akaufunga mwenyewe.

"Ulikuwa ukingoja bei gani?" akauliza.

Kumbe alijua na hilo. Sijui tangu lini. Nikamtajia.

Aliitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu anayekubali kwamba ni bei ya maana. Magari mengine yalikuwa yakitupigia honi, tumeziba njia. Kisha akasema: "Na ingefika hiyo bei yako, mie ningekaa wapi?"

"Kwangu, mama. Ningekununulia pahala pazuri. Ungekaa kwangu."

"Kwako nshakaa," akasema.