Vipande vya Waliopo

Mabaki ya vitambaa vya mafundi nilikuwa nayajua kwa kugusa tu. Kipande kilichotoka kwapani kimepinda upande mmoja, cha kola ni chembamba na kirefu, cha pindo kina alama ya chaki. Mafundi wa kwenye baraza karibu na soko la Gisenyi walikuwa wakiniwekea mabaki yao chini ya cherehani, nami nikiyapitia mara mbili kwa wiki na gunia langu. Sikumbuki fundi hata mmoja aliyewahi kunipa kipande cha mraba. Kitambaa kinachotosha mraba mzuri fundi hakitupi, anakishonea mfuko wa nguo.

Nyumbani nilikuwa na makatoni tisa, ya sabuni na ya biskuti, nimeyapanga ukutani mkabala na kitanda. Watu walidhani napanga kwa rangi. Nilikuwa napanga kwa uzito, maana kitambaa chepesi ukikiunga na kizito, baada ya kufuliwa mara tatu chepesi kinachanika kwenye mshono. Kitenge peke yake, popilini peke yake, kaki za sare za shule peke yake, na katoni moja ya vipande vidogo kuliko kiganja, vya kuzibia pembe. Kutokana na hayo nilishona mifarishi ya viraka ya kujifunikia. Baridi inayoshuka kutoka volkano haina huruma, na miaka hiyo ya mwisho ya tisini wengi walikuwa wamerudi kutoka makambini bila hata shuka. Mimi mwenyewe nilikuwa mrudi wa aina nyingine. Nilizaliwa Tanzania kwa wazazi waliokimbia zamani, nikaja Gisenyi na mume wangu, utingo wa malori, ambaye siku nyingi hakuwepo.

Tulipanga katika uwanja wa milango mitatu, uliozungushiwa ukuta wa mawe meusi. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mwenye nyumba, mama wa makamo, mzaliwa wa mtaa wetu wa Waislamu, mwenye ndugu Goma. Mlango wa pili wangu. Wa tatu ulikuwa wa mchuuzi wa vitunguu aliyevuka mpaka wa Kongo pale Petite Barrière kila asubuhi kwenda Goma na kurudi alasiri.

Nyuma, katika chumba kidogo kilichopakana na jiko, aliishi dada mkubwa wa mwenye nyumba. Yeye aliolewa huko juu Busasamana, akakaa huko miaka yote, mpaka kilima chao kiliposhambuliwa. Alifika mjini kwa miguu, peke yake, na kitenge kimoja mwilini. Tangu siku hiyo hakuwa amesema neno. Mdogo wake alimwita yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili chao, nasi wote tukamwita hivyo. Kazi yake alijichagulia mwenyewe: alifua nguo za uwanja mzima. Akishazianika, alisimama kando ya kamba mpaka zikauke, mikono ameifumbata kifuani, kama anayesubiri kuitwa. Mimi peke yangu nilijifulia, kwa kuwa nilizoea kufua nguo zangu pamoja na vipande vyangu, na vyote nikavianika ndani ili jua lisichujue rangi.

Siku moja, nikitafuta popilini ya bluu, nilikutana na kipande nisichokijua. Kilikuwa mraba wa vidole vinne kila upande, kimekatwa kwa mkono usiotetemeka. Nikakinusa. Mabaki ya fundi hunuka upya, ile harufu ya dukani. Hiki kilinuka sabuni ya mche, na chini ya sabuni, jasho la mtu. Nikadhani nimekiokota mahali nikasahau. Kesho yake nikakuta kingine katika katoni ya vitenge, ukubwa ule ule. Halafu viwili kwa mpigo katika katoni ya popilini. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba kila kimoja kilikuwa katika katoni yake sahihi. Aliyeviweka alijua mpango wangu, na mpango huo sikuwahi kumweleza mtu yeyote, hata mume wangu.

Wiki hiyo ilipokwisha nilikuwa na miraba saba. Nilianza kuingia chumbani kwangu kwa kupiga hodi.

Ndipo mwenye nyumba alipokuja mlangoni na sketi yake mkononi. Aliinyoosha mbele ya uso wangu, na katikati ya pindo kulikuwa na tundu la mraba. Niliuona uwanja kupitia hapo.

"Angalia hii," alisema. "Mutu amekata. Panya haikate hivi."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwa kamba. Na blauzi yangu pia. Na ile shati ya kaki ya marehemu bwana yangu, mi navaaka jikoni."

Nilitazama maua ya ile sketi, mekundu juu ya kahawia. Mraba wa maua hayo hayo ulikuwa nyuma yangu, hatua tatu, katika katoni ya vitenge. Nilisema pole, nikasimama vizuri mlangoni asione ndani.

Mchuuzi wa vitunguu aliporudi alikagua nguo zake naye, akakuta gauni na kilemba vimekatwa. Hakupiga kelele. Aliketi juu ya jiwe katikati ya uwanja, nguo mapajani, akaongea polepole kila mtu asikie.

"Kitambaa ya mwili wa mutu, wanaipeleka kwa mulozi. Kule kwetu, mama mudogo alikatwa kanga hivi. Hakumaliza mwezi." Akakikunja kile kilemba. "Donc, basi, mi nauliza tu. Hapa, mutu mwenye kupenda vipande iko nani?"

Mwenye nyumba alitazama chini. Yaya alikuwa kando ya kamba, akiwa ameupa uwanja mgongo.

Niliingia ndani nikafunga komeo. Nilivitoa vile vipande na kuvipanga kitandani: sketi, blauzi, kaki ya marehemu, gauni, kilemba, na viwili vya shuka. Uwanja wote ulikuwa umelala pale kitandani kwangu. Nilifikiri kuvichoma, nikaogopa. Ikiwa yule mchuuzi alikuwa mkweli kuhusu kanga ya mama yake mdogo, ningekuwa nachoma nini? Kuvirudisha nako kulikuwa sawa na kukiri. Nikavirudisha makatoni, kila kimoja kwake, na mikono yangu ilifanya kazi hiyo kwa haraka kuliko nilivyotaka.

Siku mbili zilizofuata hakuna aliyenisalimu kwanza. Nikisalimu mimi, waliitikia. Mafundi wa barazani nao walikwishasikia. Mmoja alinipa mabaki yake akiwa ameyafunga katika gazeti, akayasukuma kwa mguu.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, nilichukua gunia nikatoka, nikahakikisha kila aliyekuwepo uwanjani ameniona. Nilifika kwenye kona ya msikiti, nikasimama kwa muda wa kuhesabu mia mbili, kisha nikarudi kwa kichochoro cha nyuma na kuingilia jikoni. Uwanja ulikuwa kimya. Mwenye nyumba alikuwa amekwenda kumtazama mgonjwa, mchuuzi yuko Goma. Kwenye kamba nguo zilining'inia bila mtu wa kuzilinda.

Mlango wangu ulikuwa wazi kidogo. Ndani niliisikia sauti ya mwanamke, ya chini, kavu, kama ya mtu anayesoma orodha.

"Huyu yupo. Huyu yupo. Huyu yupo."

Yaya alikuwa ameketi sakafuni juu ya mkeka wangu, makatoni yote tisa yamefunguliwa kumzunguka. Alikuwa ameipanga ile miraba kwa safu na alikuwa akiigusa mmoja mmoja kwa kidole cha shahada. Karibu na goti lake kulikuwa na mkasi wangu mdogo, ule niliodhani nimeupoteza. Hakushtuka kuniona. Aliendelea hadi mwisho wa safu, kisha akainua uso. Alisema kwa Kinyarwanda, lugha niliyopewa na mama yangu, nami hapa nayaweka maneno yake kwa Kiswahili.

"Chako sijakipata. Nguo zako haziji kwenye kamba. Nakuona unapita, lakini sijui kama upo."

Mtu aliyekaa miezi minne bila kunena alikuwa amenena, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hilo. Nakiri kwamba nilijitazama mikono.

"Nipo, mama," nilimwambia.

"Wengine nao walisema hivyo. Njiani tulikuwa tunaitana kila tukisimama. Kila mmoja anaitika, nipo, nipo. Wakaendelea kuitika hata walipokuwa hawapo tena. Sauti si kitu cha kushika." Akagusa mraba wa kaki. "Kitambaa unakishika."

"Hicho ni cha shemeji yako. Yeye amefariki."

"Najua. Bado kinavaliwa."

Nilimwuliza kwa nini aliviweka kwangu. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Wewe unawaunganisha," alisema.

Sikujua la kufanya, nikafanya nililoliweza. Niliketi mbele yake, nikachukua mkasi, nikakata mraba kwenye upande wa gauni nililovaa, gauni langu zuri la kijani nililotoka nalo Kigoma. Nikampa. Aliukunjua, akaunusa, akauweka mwisho wa safu.

"Huyu yupo," alisema, na mabega yake yakashuka.

Hapo ndipo nilipohesabu. Miraba yangu ilikuwa saba, na huu wa kijani wa nane. Kwenye mkeka kulikuwa na tisa. Mmoja, katikati kabisa ya safu, ulikuwa wa njano wenye vidoti vyeupe, kitambaa cha gauni la mtoto. Katika uwanja wetu hakukuwa na mtoto.

"Na huyu?"

"Huyo anakuja jioni jioni," alisema, "nguo zikishakauka."

Mwenye nyumba aliporudi nilimwita ndani, nikamweleza kila kitu, na yaya ameketi pale pale. Aliposikia kwamba dada yake amesema, alipiga magoti mkekani akamshika uso kwa mikono miwili. Yaya alimwambia maneno machache nisiyoyasikia. Kisha mwenye nyumba akauona ule mraba wa njano, na mikono yake ikaanguka.

Alinivuta nje hadi ukutani.

"Ile robe, ile kagauni, mi nilinunua," alisema. "Mi mwenyewe, Goma. Ya mutoto wa mwisho wa yaya. Mutoto alikuwa naivaa siku ile walitoka."

"Labda alibaki na kipande."

"We, mi nilimuvua nguo siku ya kufika, mi nilimuogesha. Alikuwa na kitenge moja tu. Hakuna kitu kwa mukono, hakuna kwa nywele."

Nilirudi ndani nikakichukua kipande hicho, nikakipeleka kwenye mwanga wa mlango. Kitambaa kilichokatwa zamani huonyesha, pembeni nyuzi hulegea na kuota manyoya, hasa kikishikwashikwa. Hiki kingo zake zilikuwa kali. Kilikatwa siku hiyo, au jana yake. Na kilikuwa na unyevu kidogo, kama nguo iliyoanuliwa kabla ya wakati. Nilimwambia mwenye nyumba kwamba sijui. Hadi leo sijui, na sijawahi kumpata mtu wa kunieleza.

Mchuuzi wa vitunguu aliambiwa jioni ile, tukiwa sote uwanjani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Anasemaka nini akishika yangu?" Nilimwambia anasema huyu yupo. Aliinuka. Akaingia kwake akatoka na lile gauni lililokatwa, akanipa nilizibe. Hakuniomba msamaha kwa maneno, lakini tangu siku hiyo alinisalimu kwanza. Nilizitengeneza nguo zote. Matundu ya mraba ni rahisi kuziba kuliko yaliyochanika.

Kisha mwenye nyumba aliniomba nimshonee dada yake mfarishi. Niliweka ile miraba tisa katikati, kwa mpangilio aliouchagua yaya mwenyewe, nikaizungushia kaki na vitenge vya mabaki. Alikaa mbele yangu siku zote nane za kushona, akinipa uzi. Nilipofika kwenye ule wa njano alinishika kiganja. "Usivute sana," alisema. Nikashona mshono mrefu, mlegevu, na ninakumbuka kwamba nilikuwa naugusa mraba huo haraka haraka, kisha najifuta vidole kwenye gauni. Aibu ya jambo hilo ninayo bado.

Hakukata tena nguo ya mtu. Aliendelea kufua, lakini akishaanika alikwenda kuketi jikoni na mdogo wake, na tukaanza kumsikia akiomba chumvi, akiuliza habari. Sauti yake ilikuwa nzuri.

Amani iliporudi huko juu, alisema anakwenda kulima. Mwenye nyumba alimsihi, akashindwa. Tulimsindikiza sote watatu hadi zinakosimama pikapu za kwenda Busasamana. Alikuwa na jembe jipya na mfuko wa mbegu za viazi. Mfarishi hakuutia katika mfuko. Aliukunja, akainama, akautupia mgongoni na kuufunga kwa kitenge kifuani, kama wanawake wanavyofunga mtoto.

Dereva alimwambia auweke juu ya mizigo, apate nafasi ya kukaa vizuri. "Hapana," alisema yaya, "atapata vumbi." Akapanda nyuma, akaketi upande upande ili asiegemee bodi. Gari lilipoondoka alikuwa amepeleka mkono nyuma, akipigapiga taratibu.

Mwenye nyumba alilia njia nzima ya kurudi. Mchuuzi alimshika mkono mmoja, mimi nikamshika mwingine, na hakuna kati yetu aliyegeuka nyuma.