Daraja Alilolipenda Tata

Baba yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kibanda chake kiko Kebirigo, kando ya barabara, na mageti mengi utakayoyaona ukielekea Nyamira mjini yametoka mikononi mwake. Sisi watoto humwita Tata, kwa kuwa katika lugha yetu ya Ekegusii tata ndiye baba, na mama ndiye huitwa baba. Wageni huchanganyikiwa wakitusikia. Sisi tumezoea.

Ukutani mwa kibanda aliweka picha ya daraja. Aliikata kutoka kwenye kalenda aliyopewa na Mhindi mmoja mzee mwenye duka la vyuma mjini Kisii, ambako amekuwa akinunua paipu na mabati tangu mimi sijazaliwa. Lilikuwa daraja la chuma lililopinda kama upinde, limeruka korongo lenye kina cha kutisha, na chini yake hakukuwa na nguzo hata moja. Mzee wa duka alimwambia kwamba liko mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, na kwamba lina zaidi ya miaka mia moja. Kila mteja aliyesubiri geti lake alionyeshwa picha ile na kuulizwa, "Wewe unaona limeshikiliwa na nini?"

Mdogo wangu wa kike ni muuguzi, na kazi ilimpeleka Livingstone, mji ulio karibu kabisa na daraja hilo. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mama alisema hana budi kwenda kumpikia uji. Tata, ambaye hakuwahi kupita Nairobi, akasema naye anakwenda kumwona mjukuu.

"Mjukuu yupi?" mama akamuuliza. "Wa damu au wa chuma?"

Mimi ni mwalimu na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nikawasindikiza. Mama alibeba unga wa wimbi wa kutosha kijiji. Tata alibeba shati mbili, Biblia na tepu yake ya kupimia. Tulifika Ijumaa jioni. Kesho yake asubuhi nilimkuta amevaa viatu, ameketi mlangoni. Mama alimwambia kwamba Sabato haikuwekwa kwa ajili ya kutazama madaraja. Akavua viatu, lakini mchana kutwa alikuwa akiulizia jua limefika wapi.

Jumapili tukaenda. Mpakani tulipewa vikaratasi vya kuturuhusu kufika darajani na kurudi, tukampata mwongozaji, mwanamume wa makamo kutoka upande wa Zimbabwe. Yeye alisema Kiingereza, nami nikawatafsiria wazazi wangu. Maporomoko ya Zambezi yalikuwa yakinguruma kulia kwetu na manyunyu yake yakitulowesha kitambo kwa kitambo. Mama alitangulia, akiyatazama maji. Tata alifuata taratibu, mikono mgongoni, kama mtu aliyetumwa kukagua kazi.

Hatukuwa tumeenda mbali lori likaingia darajani. Chuma kikatetemeka chini ya miguu yetu. Tata akashika ukuta wa chuma wa pembeni, akatazama chini mahali mto ulipokuwa unapita kama uzi wa kijani, na hapo akaganda.

"Tata?" nikamwita.

"Linatikisika," akasema kwa sauti ndogo.

Mwongozaji akaeleza kwamba lilijengwa litikisike, kwamba daraja lisilocheza huvunjika. Nikatafsiri.

"Mwambie nimesikia," Tata akajibu. "Miguu ndiyo haijasikia."

Nilitaka kucheka lakini niliona jasho kwenye paji la uso wake. Nikamwita mama aliyekuwa mbele: "Baba, njoo!" Mwongozaji, ambaye kwa lugha yake baba ni baba, akamkamata mzee bega haraka na kunihakikishia, "Yuko hapa, yuko hapa, hajaenda popote."

Mama akarudi. Huyu ni mwanamke aliyechuma chai maisha yake yote kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huifikiria mara mbili, kikapu mgongoni, mvua au jua. Akaubandua mkono wa Tata kwenye chuma, kidole kimoja kimoja, akaushika.

Kwetu wazee hawashikani mikono. Wakienda kanisani, Tata hutangulia na mama hufuata nyuma, na mwendo huo sikuwahi kuuona ukibadilika. Nikatazama pembeni, kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha.

"Omogaka," mama akamwambia, kama mke wa Kigusii amwitavyo mzee wake, "usiangalie chini. Tazama kitambaa changu cha kichwani." Akatangulia yeye, akimvuta nyuma yake polepole, akimwambia habari za mjukuu, jinsi anavyokunja pua kama shangazi za Tata. Wakafika katikati.

Hapo mwongozaji akatusimulia jinsi daraja lilivyojengwa. Walianza kutoka ng'ambo zote mbili, kila upande ukijinyoosha juu ya korongo kuelekea mwenzake. Siku ya kuunganisha, chuma kilikataa kuingia. Jua lilikuwa limekitanua, kikazidi kidogo. Mafundi wakaacha kazi wakalala. Alfajiri, chuma kilipopoa, kikaingia chenyewe mahali pake.

Tata akaniomba niirudie. Nilipomaliza aliuachia mkono wa mama.

"Ni kama geti," akasema. "Watu hunijia saa sita wakilalamika kwamba geti halifungi. Huwaambia wangoje jioni. Wanadhani nawakimbia." Akainama, akaweka kiganja kwenye chuma, kidole gumba kikitoka kwenye ribiti moja hadi nyingine, zile pini nene zinazobana vyuma pamoja. "Na hapa hakuna aliyechomelea. Ni ribiti tupu. Walizigonga moja moja." Akatoa tepu, akapima kichwa cha ribiti, akaniambia niandike.

Karibu nasi mtu alifungwa kamba miguuni akajirusha korongoni kwa hiari yake. Mama alimfuata kwa macho mpaka kamba ilipomrusha tena juu.

"Muulize," akaniambia, "kama mama yake anajua yuko hapa."

Nilipotafsiri, mwongozaji alicheka mpaka akafuta machozi.

Kurudi, Tata alitembea mwenyewe, ila hakutangulia. Yeye na mama walikwenda bega kwa bega, wakibishana kama mtoto apewe uji wa wimbi mapema au la.

Mwezi mmoja baadaye nilikuwa kibandani kwake, nikisikiliza anavyomsimulia mteja habari za ribiti na jua. Mteja akamuuliza, "Na wewe mzee, hukuogopa?"

Nilidhani atalikwepa swali.

"Niliogopa mpaka nikashindwa kutembea," Tata akasema, akivuta miwani yake ya kazi. "Mama yao ndiye aliyenivusha."

Akainama kuchomelea. Siku hizi anataka kurudi, maana alisikia kuna njia ya kupita chini ya daraja, ndani kabisa ya vyuma. Mama amemwambia angoje mjukuu wa pili.